Kabla ya kuota roketi Kamina, tuulize kwanza itaangukia wapi

Tarehe 5 Juni 1978 roketi iliruka kutoka uwanda wa juu, kando ya mto Luvua, upande wa Manono. Rais Mobutu alikuwepo anatazama. Roketi ile haikufika mbali: ilipoteza njia ikarudi chini. Vijana wengi wa Kamina hawajui habari hii, na mimi naona ni lazima waijue, sababu siku hizi mazungumzo ya setelaiti yamerudi, na wapo wanaosema kwamba hata uwanja wetu mkubwa wa BAKA ungefaa kurushia roketi.

Kampuni iliyorusha roketi ile ilikuwa ya Wajerumani, jina lake OTRAG, na mwanzilishi wake aliitwa Lutz Kayser. Wazo lake halikuwa baya. Alitaka kupeleka setelaiti angani kwa bei ndogo. Badala ya mashine moja kubwa ya bei kali, alikamata mabomba marefu yanayofanana, akayafunga pamoja kama mtu anavyofunga kuni. Ndani ya mabomba mlikuwa mafuta ya kawaida na asidi kali ya kuyawasha. Tangu 1977 mpaka 1978 walirusha mara tatu kwenye ardhi ya Shaba.

Ubaya ulikuwa kwenye mkataba. Kampuni ilipewa eneo la kilomita za mraba karibu 100,000, mpaka mwaka 2000. Ili uelewe ukubwa huo, fikiria jimbo letu zima la Haut-Lomami, na teritwari zake tano, Kamina, Kaniama, Kabongo, Bukama na Malemba-Nkulu: ni karibu sawa. Ndani ya mkataba serikali ilikubali kuwaondoa wakaaji kama kampuni ingeomba. Wakulima, wavuvi na mashefu wa vijiji hawakukaa kwenye meza ile. Mwaka 1979 Mobutu aliwafunga, si kwa ajili ya wanavijiji, lakini kwa sababu inchi jirani na wakubwa wa dunia walishuku kwamba zile ni silaha. Kayser na watu wake wakahamia Libya.

Leo wazo la bei ndogo limeshinda, lakini kwa njia nyingine. Wafanyabiashara wetu wanaijua njia hiyo vizuri. Mama mwenye magunia matano ya mahindi hawezi kulipa kamio nzima mpaka Lubumbashi. Anaungana na wengine, kila mtu analipa mzigo wake, na mwenye kamio ndiye anapanga siku ya kuondoka. Na setelaiti ndogo zinasafiri hivyo hivyo. Tarehe 24 Januari 2021 roketi moja ya kampuni SpaceX ya Marekani ilibeba setelaiti 143 kwa safari moja. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilipata nafasi kwenye safari ya namna hiyo kutoka California, ikapeleka setelaiti yake Taifa-1. Uganda na Zimbabwe zilipeleka zao Novemba 2022, pamoja na mizigo ya kituo cha anga cha kimataifa. Inchi hizi zote hazikukodisha jimbo hata moja kwa mtu yeyote. Zililipa kiti tu.

Wengine wataniuliza: ndugu mwandishi, hatuna barabara, umeme unakatika, treni ya SNCC inachelewa siku na siku, wewe unatuambia setelaiti? Swali ni la haki. Jibu langu liko Bukama na Malemba-Nkulu. Kila mara maji ya Lualaba yanapopanda kwenye bonde la Upemba, sisi wa redio tunapata habari wakati maji yameisha kuingia ndani ya nyumba. Setelaiti ya rada inaona maji hata kama mawingu yamefunika. Mtu mwenye picha ya juzi na picha ya leo anaweza kuona maji yanaenea upande gani, na redio ikawaambia watu wahamishe watoto na mbegu mapema.

Lakini tuseme ukweli wote. Picha kama hizo zipo tayari, bila malipo. Setelaiti za Ulaya zinazoitwa Sentinel zinatoa picha zake bure kwa dunia nzima tangu 2014. Sisi tunakosa watu wa kuzisoma na njia ya kuleta habari mpaka kijijini. Kwa hiyo mpango wangu unafuata hatua hizi: kwanza tufundishe vijana wa Chuo Kikuu cha Kamina kusoma picha za bure, pili, Kongo inunue kiti kwenye roketi ya pamoja kwa setelaiti yake ndogo, na kukodisha ardhi kwa kurushia roketi kuwe mwisho kabisa, au kusiwe hata kidogo.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu ya usalama wa chini. Roketi ikipanda, sehemu yake ya kwanza inamaliza mafuta baada ya dakika chache tu, inaachana na nyingine, na lazima ishuke mahali. Kwa miaka mingi ilikuwa inaanguka tu. Tarehe 21 Desemba 2015, baada ya kupeleka setelaiti ndogo 11, sehemu ya kwanza ya roketi ya SpaceX ilirudi ikatua imesimama kule Florida. Watu walishangilia. Mimi kinachonivutia zaidi ni sheria iliyo nyuma ya kutua kule. Chombo kile kikirudi, hakielekezwi moja kwa moja kwenye uwanja. Kinaelekezwa baharini. Ni mwisho kabisa, kama kila kitu kinafanya kazi, ndipo kinageuzwa kidogo kuelekea nchi kavu. Tarehe 5 Desemba 2018 mabawa yake ya kuongozea yalikwama, kikaanguka majini karibu na pwani. Hakuna mtu aliyeumia. Kama kuna mashaka, kianguke pasipo na watu: ndiyo sheria yenyewe.

Sasa tuangalie ramani. Waitaliano walipochagua mahali pa kurushia roketi Afrika Mashariki, walisimamisha majukwaa yao ndani ya bahari karibu na Malindi, Kenya. Kutoka pale setelaiti iliyoitwa Uhuru iliruka tarehe 12 Desemba 1970. Upande wa mashariki walikuwa na maji matupu. Sisi Kamina, kutoka hapa mpaka Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000 za mashamba, kambi za wavuvi, shule na masoko, kwetu na kwa jirani zetu wa Tanzania. Mgeni akitazama ramani ataona pori. Anayekaa pale ataona shamba la mihogo la baba yake. Uwanja mrefu wa BAKA hauwezi kuondoa shida hiyo.

Na hata tusiporusha kitu, hatuko salama kabisa. Tarehe 30 Desemba 2024, duara kubwa la chuma lenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo karibu 500 lilianguka kijijini Mukuku, Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Mei 2020 bomba refu la chuma lilionekana kijijini Côte d'Ivoire, siku zile zile masalio ya roketi kubwa ya China yalipopita juu ya Afrika yakishuka. Mukuku watu walijua kumwita nani. Je, kipande kama hicho kikianguka leo kati ya Kabongo na Malemba-Nkulu, shefu wa kijiji atampigia nani simu?

Naogopa jibu tunalijua. Kabla ya jua kuzama kipande kitakatwa, kesho yake kitauzwa kama mitraye, na wiki inayofuata kitakuwa sufuria. Hapo kuna hasara mara mbili. Ya kwanza ni afya: mafuta mengine ya roketi ni sumu, yanachoma ngozi na mapafu. Ya pili ni haki. Mkataba wa dunia wa 1972 unasema kwamba inchi iliyorusha chombo inalipa madhara yake ardhini, hata bila kuthibitisha kwamba ilikosea. Lakini ni serikali inayodai, na inadai kwa ushahidi. Ushahidi ukiwa sufuria, hakuna kesi.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu wa Kamina na wa Kinshasa mambo matatu. Mkataba wowote wa roketi au setelaiti usomwe hadharani, kwa Kiswahili na Kiluba, kabla ya kusainiwa. Pawe na namba moja ya simu, na ofisi moja, kwa mtu anayeokota chuma kilichotoka juu. Na pesa za kwanza ziende kwa vijana watakaosoma picha za mafuriko, sababu kazi hiyo inaweza kuanza bila roketi yoyote.

Na nyinyi wasomaji, kipande kikianguka kwenu: msikiguse, ondoeni watoto, pigeni picha mkiwa mbali, mwambieni shefu na mkuu wa teritwari. Kisha leteni habari redioni. Mwaka 1978 wakaaji wa Luvua hawakuwa na mtu wa kuwauliza wala wa kuwasemea. Sisi tusikubali hivyo tena.