Mgonjwa Afundishwe, Asipewe Dawa Tu

Mwaka mmoja una saa 8,760. Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki kila mwezi, na kukaa na mganga kwa nusu saa, hupata saa 6 tu za mtaalamu kwa mwaka mzima. Saa zote zilizobaki yu nyumbani, shambani au kazini, na huko mganga wake ni yeye mwenyewe. Asipofundishwa, amekabidhiwa kazi asiyoijua.

Hasara zake ni kubwa. Wapo wanaoacha dawa wajionapo wana nafuu, wakidhani kisukari hupona kama malaria. Wapo wanaoacha kabisa kujidunga insulini kwa sababu wameugua na hawawezi kula. Kumbe kwa mtu ambaye mwili wake hautengenezi insulini, kufanya hivyo kwaweza kumwua katika siku chache. Wapo pia waliokufa ganzi nyayoni, wakakanyaga msumari bila kuhisi, kidonda kikaoza na mguu ukakatwa. Aghalabu mguu wa namna hiyo huokolewa na mazoea mepesi: kukagua nyayo kila siku, kutotembea pekupeku na kuwahi zahanati.

Si kweli kwamba mambo haya ni mazito mno kwa mwananchi wa kawaida. Mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 wa Tanzania katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana. Baada ya mjadala walishika majembe, wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Walielezwa sababu, wakaamua, wakatenda.

Njia hiyo yawafaa pia wagonjwa wa kisukari, shinikizo la damu na pumu. Kila kliniki itenge saa ya mafunzo, na saa hiyo ihesabiwe kuwa ni tiba, si hisani. Mgonjwa aonyeshwe kwa vitendo, kisha naye aonyeshe alichojifunza. Jamaa anayeishi naye awepo, ajue kwamba jasho jingi, kutetemeka na kuchanganyikiwa huweza kuwa dalili za sukari kushuka, na kwamba apewe kitu chenye sukari mara moja, maadamu aweza kumeza.

Wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu, hilo twalijua. Lakini somo la saa moja kwa watu 20 ni nafuu kuliko kuukata mguu mmoja. Hatuna budi kulianza.