Unataka kufuga tilapia Mahoo? Angalia maji yako yanaenda wapi

Sikukatazi kufuga. Maji tunayo, soko la Taveta ni hapo tu, na tangu 2009 serikali ilipoanza kuchimbia maeneobunge 140 vidimbwi 200 kila moja, hii biashara imesifiwa sana.

Lakini buda, mvua kubwa ikija kidimbwi hufurika. Vifaranga wanaponyokea mtaroni, mtaro unaingia Mto Lumi, Lumi unamwaga Ziwa Jipe. Humo kuna tilapia wa Jipe, ambaye kwao ni bonde la Pangani pekee duniani, na tayari yuko hatarini kabisa kutoweka. Tilapia wa Nile, yule unayeuziwa, hukua haraka, humnyang'anya chakula, na mbaya zaidi huzaana naye. Baada ya vizazi kadhaa yule wa asili amekwisha, na hakuna aliyemvua.

Usitulizwe na hadithi ya "madume pekee". Dume mmoja akitoroka, majike wa ziwani si wapo?

Kwa hivyo inua kingo, funga wavu kwenye bomba la kutolea maji, na ukibadilisha maji yapeleke kwa migomba, si mtaroni. Taveta hii, migomba utakosa wapi?