Mahujaji wa Gusii wapimwe akili pia

Haji mtarajiwa kutoka Kisii au Nyamira huulizwa pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Kama anatumia dawa za ugonjwa wa akili, familia huona heri jambo hilo lisisemwe.

Kimya hicho kina chanzo. Oktoba 2021, kijijini Nyagonyi, Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Gusii, bibi anayezungumza peke yake au kutangatanga usiku huweza kuitwa omorogi, yaani mchawi, kabla ya kuitwa mgonjwa. Mtoto gani atatangaza msikitini kwamba mama amepoteza kumbukumbu?

Lakini Makka siri hiyo inaweza kuua. Juni 2024, joto lilipita nyuzi 50, na Saudi Arabia ikatangaza vifo 1,301 vya mahujaji, asilimia 83 vya wasio na vibali vya Hija. Sisi tumezoea baridi ya milimani. Baadhi ya dawa za akili huzuia jasho. Lithiamu nayo hugeuka sumu mwili ukipungukiwa na maji. Anayeziacha ghafla, halafu akakosa usingizi kati ya Mina, Arafa na Muzdalifa, anaweza kuchanganyikiwa katika umati kama ule wa 2024, wa watu milioni 1.8. Mzee mwenye kumbukumbu hafifu akitoka kutawadha, atarudi hema lipi? Mahema ya Mina ni meupe yote, safu kwa safu.

Hatari ya kuacha dawa si ya Waislamu pekee, ambao hapa kwetu ni wachache. Wanaotupa dawa baada ya kuombewa kwenye mikutano ya injili wamo hatarini vilevile.

Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na afya ni sehemu ya uwezo huo. Asiyetarajia kupona anaweza kuhijiwa na mwingine. Aibu iko wapi?

Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, iliyorekebishwa 2022, inazibebesha kaunti jukumu la huduma za afya ya akili. Idara za afya za Kisii na Nyamira zikae na kamati za misikiti sasa, si wiki ya safari. Kila anayejiandikisha aonane na daktari faraghani, apewe barua inayotaja dawa zake, na asafiri na mtu anayeijua hali yake. Akirudi, apimwe tena. Karamu ya kumpokea haji haitoshi.

Nawe mwenye mzazi anayejiandaa kwenda, mpeleke hospitali kabla hujamlipa wakala.