Safari ya Timu Diani: Tunajua Nani Hajachanga, Hatujui Pesa Imekwenda Wapi

Novemba ikianza, makundi ya WhatsApp ya kazini hubadilika. Ripoti na zamu za wiki husogezwa kando, inakuja orodha. "Safari ya timu, Diani, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila mtu 3,500." Chini yake majina, moja hadi ishirini na nane, na alama ya vema kwa kila aliyekwisha tuma. Halafu namba ya simu ya kutumia hizo pesa. Na namba yenyewe, mara nyingi, ni ya dada wa mapokezi au ya kijana wa hesabu aliyeajiriwa juzi tu.

Mimi nina neno na orodha hiyo, na nina neno kubwa zaidi na namba hiyo.

Orodha tumeitoa kwenye harusi na harambee, ambako ina maana yake. Mjomba akisomwa kwamba ametoa elfu tano, ni heshima yake, na asiyekuwa nazo huja na mkungu wa ndizi au huja kupika, na hakuna anayemwuliza. Kazini si hivyo. Elfu tatu na mia tano za meneja si elfu tatu na mia tano za mlinzi wa usiku, na mlinzi hawezi kuja na mkungu wa ndizi. Jina lake likikaa siku tisa bila alama, watu ishirini na saba wanalitazama kila wakifungua simu. Ati hiyo ndiyo siku ya kutuleta pamoja!

Tena angalia jambo la ajabu. Orodha ya waliotoa tunaibandika kila asubuhi. Orodha ya matumizi, je? Basi lilikula ngapi, chakula ngapi, mashua ngapi, kilichobaki kiko wapi? Watu wakisharudi na mchanga viatuni, hiyo ya pili huisikii tena. Ningekuwa mimi ndiye mwenye amri, ningegeuza: nani ametoa abaki akijua mweka hazina peke yake, na kila shilingi iliyotoka ionwe na wote.

Na kabla hatujafika kwenye michango, hebu tuulize: kwa nini wafanyakazi wachange kabisa? Kama safari ni ya kuwafanya wafanye kazi vizuri pamoja, basi ni gharama ya kazi, kama karatasi na umeme. Mwajiri alipe. Hana za Diani? Twende Gazi. Hana za Gazi? Tupike wali wa nazi nyuma ya ofisi, tufunge saa saba, tucheze bao na kandanda. Nimeona maofisi yakilazimisha safari ambayo nusu ya watu wameikopea. Na wale wasimamizi wanaoandika kwenye kundi kwamba "asiyelipa tutamkata mwisho wa mwezi", wasome kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kinataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya kwenye mshahara. Ujumbe wa WhatsApp wa msimamizi haumo.

Haya, tuseme watu wamekubaliana wenyewe kuchanga, kwa hiari, na wanataka Diani. Sasa ile namba.

Watu 28 mara 3,500 ni shilingi 98,000. Pesa hizo zinaingia kwenye laini ya huyu dada, laini ile ile anayolipia kodi ya nyumba, anayotumiwa na ndugu yake, anayonunulia tokeni za stima. Kama wiki iliyopita alikuwa na Fuliza, basi mchango wa kwanza unaoingia unalipa Fuliza kabla yeye hajagusa simu. Mfumo haujui kwamba elfu tatu ile ni ya samaki wa kupaka wa wenzake. Unaona deni na unaona pesa, unakata. Hapo hajaiba, hajakopa, hata hajaamka, na tayari hesabu ya safari ina pengo. Atalifunika vipi? Atasubiri mshahara. Wakati huo mwenye basi anataka chake.

Halafu simu inaibwa kwenye matatu ya Likoni. Au analazwa hospitali siku mbili kabla ya safari, na namba ya siri anaijua yeye peke yake, kama inavyopasa. Au ofisi ni kubwa kidogo, watu 60 kwa 9,000, jumla 540,000, na kiwango cha juu ambacho akaunti ya M-Pesa ya mtu inaweza kushika tangu Agosti 2023 ni 500,000. Watu wa mwisho wanatuma, pesa zinagoma, lawama zinaanza.

Lakini kinachoniudhi zaidi si teknolojia. Ni kwamba tunachukua mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote chumbani, tunamwekea mfukoni pesa nyingi kuliko alizowahi kushika, bila hati, bila malipo, bila mtu wa pili wa kuthibitisha. Zikipungua mia mbili tu kwa sababu ya gharama za kutuma na kutoa, jina lake ndilo linaloharibika. Hawezi kujitetea, maana taarifa ya laini yake ina mambo yake yote ya nyumbani. Utamwambia aibandike kundini ili watu wasome alivyomtumia mamake dawa? Meneja mwenye akili hamfanyii mtu wake hivyo.

Njia zipo, na wala si ngumu. Ofisi nyingi zina namba ya Till au Paybill tayari. Pesa za safari ziingie huko, zitoke kwa idhini ya watu wawili, na taarifa ya hiyo namba ndiyo hesabu yenu. Kama ofisi haina, benki nyingi na vyama vya akiba hufungua akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, ile ambayo vyama vya kina mama wa Ukunda na Msambweni vimeitumia miaka yote kabla ya sisi kuja na maneno makubwa.

Ila kwa timu ndogo, mimi napenda njia nyingine kabisa: msikusanye. Mwenye basi ana Till yake, hoteli ina Paybill yake. Gawanyeni: hawa kumi walipe basi moja kwa moja, hawa kumi na wanane walipe chakula, kila mmoja abaki na ujumbe wake. Pesa ambayo haikupita kwenye simu ya mtu haiwezi kukwama kwenye simu ya mtu. Kuna usumbufu, ndiyo, mwenye hoteli atanung'unika kupokea malipo kumi na nane madogo. Anung'unike.

Tuje kwenye arubuni, ile pesa ya kushikia nafasi, maana hapo ndipo ofisi za Nairobi zinapoliwa. Picha ya nyumba yenye bwawa, ufuo mweupe, bei nzuri kuliko jirani, na "tuma nusu leo, kuna kundi jingine linaitaka". Namba ni ya mtu binafsi. Jina linalotokea kabla ya kubonyeza ni la mtu ambaye hakutajwa popote kwenye mazungumzo. Watu wanashuka Miritini kwa treni ya Madaraka, wanavuka feri, wanafika Diani saa mbili usiku, na nyumba ina wenyewe, wamekaa barazani wanakula. Zile picha zilichukuliwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine.

Wewe unayekaa Kwale huna udhuru hata kidogo. Kutoka Ukunda hadi ufuoni ni safari fupi ya boda boda. Mtume mtu aende akaone geti, aongee na mlinzi, aulize nyumba ni ya nani. Wewe wa Nairobi au Nakuru, usiseme huna mtu huku. Kila ofisi ina mtu mwenye binamu Pwani. Omba kuonyeshwa nyumba kwa simu ya video, mchana, mtu akitembea nayo kutoka barabarani hadi jikoni. Uliza kuhusu leseni: nyumba na hoteli za wageni ziko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, iliyoundwa kwa Sheria ya Utalii ya 2011, na mwenye biashara halali hakasiriki kuulizwa. Na jina kwenye Till au Paybill lilingane na jina kwenye risiti. Likitofautiana, uliza kwanza, usitume kwanza.

Ukishatuma kwa makosa, peleka ule ujumbe kwa 456 mara moja kuomba zirudishwe. Lakini elewa vizuri: kama aliyepokea ameshazitoa kwa wakala, hakuna cha kurudisha. Dakika kumi za mwanzo ndizo zako.

Na wenye nyumba, nahodha, mama lishe, nanyi pia mna la kujilinda. Wapo wanaokuonyesha ujumbe wa malipo ulioandikwa na mtu, umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Ujumbe wa kweli unakuja kwako, kwa jina la huduma yenyewe, si kwenye simu ya mgeni. Usitazame simu yake. Angalia salio lako, ndipo ung'oe nanga.

Nahodha nimemtaja kwa sababu siku ya mashua ndiyo hesabu huvurugika zaidi. Timu zinapenda kwenda Shimoni, kupanda mashua kwenda Kisite-Mpunguti kuangalia pomboo na matumbawe, kisha kula kaa Wasini. Siku nzuri sana, kama bahari imekubali. Kusi likivuma katikati ya mwaka, usilazimishe, na kabla ya kulipa uliza kwa maandishi: bahari ikichafuka, arubuni inarudi au inahamia tarehe nyingine? Ada ya kuingia hifadhini ni ya KWS, na KWS wanapokea kwa eCitizen, si taslimu mkononi mwa mtu. Kwa hiyo anayekuambia "nipe mimi nitawalipia kule" mwombe risiti ya eCitizen kabla ya safari. Lipeni kila kitu mkiwa bado Shimoni, simu zina chaji na mtandao upo. Watu ishirini na nane wakianza kutafuta mtandao juu ya mashua inayoyumba, hapo ndipo utasikia "nitumie wewe, nitakurudishia". Hazirudi hizo.

Kusini kwetu kuna mambo ya bei nafuu ambayo watu wa ofisi hawayafikirii, na mimi ningewasukuma huko. Gazi kuna njia ya mbao ndani ya mikoko inayoendeshwa na kina mama, na mradi wa Mikoko Pamoja ambao tangu miaka ya 2010 unauza hewa ya ukaa na pesa zinakwenda kwenye maji na shule za kijiji. Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, unaingia na mwongoza wageni, umejifunga kaniki, unanyamaza. Nyamazeni pamoja saa moja, mtajuana kuliko kwa kuvutana kamba. Shimba Hills kuna palahala, na ndiko peke yake Kenya unakoweza kumwona porini. Sehemu kama hizi, lipia kikundi chenyewe kwa namba yake. Ukipitisha kwa dalali wa ufuoni, yule mama aliyewapikia anaweza kubaki na kidogo sana.

Kama mwenyeji anataka taslimu, mpe, si dhambi. Andikeni tu: kiasi, tarehe, aliyetoa, aliyepokea, sahihi mbili, piga picha, weka kundini.

Jambo la vinywaji lisiingizwe kwenye mchango wa wote. Kwale nusu ya meza haitagusa pombe, na si haki Mwanaisha na Juma walipie bia za wengine kwa jina la umoja. Wanaotaka watoe pembeni, kwa mifuko yao. Na mwenye kupanga aangalie kalenda ya Kiislamu kabla ya kulipa arubuni: karamu ya mchana katikati ya Ramadhani imewahi kupangwa hapa hapa, na watu waliwekwa mahali pabaya, waje wakae na njaa wakitazama au wakose na wahesabiwe watoro.

Mwisho wa siku daima kuna chenji. Basi lilishuka bei, wawili hawakuja, samaki alikuwa mmoja zaidi. Zikibaki 4,300, msizigeuze soda njiani kwa kura ya mikono huku waliobaki nyumbani hawapo. Jumatatu, kabla ya chai ya saa nne, orodha ya matumizi iwe kundini, na waliolipa bila kwenda, mtoto aliumwa au zamu ilimkamata, wawe wamerudishiwa chao kwenye laini zao, bila ya kuomba.