Ugumu wa Haki na Ugumu wa Mtego

Kila mchezo wa maana una ugumu wake. Mchezo usiokuwa na ugumu haumshughulishi hata mtoto mdogo, na mchezo ambao ugumu wake hauna kiasi humvunja moyo hata mtu mzima. Kwa hiyo, swali linalopasa kuulizwa juu ya michezo ya vidio, ambayo leo imo mikononi mwa vijana wetu kwa njia ya simu, si kama ni migumu au ni rahisi. Swali ni hili: ugumu huo umewekwa kwa faida ya nani?

Ili jambo hili lifahamike vyema, tumeona inafaa turejee kwenye mchezo mmoja wa zamani unaosifiwa hadi leo kwa namna ulivyoupima ugumu wake. Mchezo huo ni Xevious, uliobuniwa na Masanobu Endō wa kampuni ya Namco ya Japani, na ulioenea katika kumbi za michezo za nchi hiyo mwaka 1983. Mchezaji huongoza chombo cha angani kiitwacho Solvalou. Misitu na mito huteremka kwenye kioo kutoka juu kwenda chini, na kwa hivyo chombo huonekana kuwa kinasonga mbele daima. Mchezaji amepewa silaha mbili: risasi za kuwapiga maadui walio angani, na mabomu ya kuyapiga majengo na mizinga iliyo ardhini.

Ni mchezo mgumu, na hapana anayelikana hilo. Lakini ugumu wake una utaratibu. Mchezaji anapoonyesha ustadi wa kuwaangamiza maadui wa aina fulani, mashine huwaondoa na kuwaleta wengine walio hodari zaidi. Anayeanza hukutana na wanyonge wenziwe, na bingwa hukutana na mabingwa. Isitoshe, ardhini yamewekwa majengo yaitwayo Zolbak, na mchezaji mwenye macho akiyalipua, maadui hurudi kuwa wepesi. Hivyo, hata yule aliyezidiwa ameachiwa mlango wa kupunguza mzigo wake, ila lazima autafute mwenyewe.

Hapa visiwani hatuhitaji kwenda mbali kulielewa jambo hilo. Fundi wa bao anapokaa na kijana anayejifunza, hamfungi papo hapo akainuka akaenda zake. Humwachia atembeze kete, aone pa kula na pa kuliwa, na kadiri kijana anavyofunguka akili ndivyo fundi anavyokaza. Kijana hushindwa, lakini huinuka akijua ameshindwa wapi.

Mchezo wa Xevious una rehema nyingine. Safari yake imegawanywa katika sehemu 16. Chombo kikiangamizwa, mchezaji hurudishwa mwanzo wa sehemu aliyokuwamo. Lakini akiwa ameshapita asilimia 70 ya sehemu hiyo, huanzia sehemu inayofuata. Jasho lake halimwagwi bure.

Hatusemi kwamba waliotengeneza mashine hizo walikuwa wakitoa sadaka. Ilikuwa biashara, na kila mchezo uliendeshwa kwa sarafu. Mashine nyingi za wakati huo zilikuwa na swichi ndogo ndani yake, ambazo mwenye ukumbi aliweza kuzigeuza ili kuamua mchezaji apewe vyombo vingapi na maadui wawe wakali kiasi gani. Mwenye tamaa aliweza kuzigeuza kwa faida ya mfuko wake. Tena, mchezo wenyewe hauna mwisho: anayemaliza sehemu ya 16 hurudishwa ya 7, akazunguka mpaka vyombo vyake viishe. Hata hivyo, sarafu ya tajiri na ya maskini zilikuwa na nguvu moja mbele ya mashine. Zote zilinunua nafasi ya kujaribu, na baada ya hapo ni mkono na jicho tu.

Linalotusikitisha ni kwamba katika michezo mingi ya simu mizani hiyo imepinduliwa. Kuingia ni bure, na hatua za mwanzo ni laini kama hariri. Kisha mchezo hukazwa ghafla kupita kiasi, na papo hapo hujitokeza duka: lipa uongezewe uhai, lipa upewe silaha, lipa usingoje saa kadhaa. Hapo ustadi haumsaidii mtoto. Kinachomvusha ni mfuko wa mzazi. Sarafu ya zamani ilinunua nafasi ya kujaribu, na fedha ya leo inanunua ruhusa ya kutojaribu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema sharti alipe ili ainuliwe kitanda.

Wapo watakaosema kwamba michezo yote hii ni upotevu wa wakati, na dawa ni kuwanyang'anya watoto simu. Kwa maoni yetu, kauli hiyo inachanganya mchele na chuya. Mtoto anayerudia jambo moja mara ishirini, akajirekebisha kila mara mpaka akaliweza, anajifunza subira ambayo ataihitaji skuli na kazini. Anayefundishwa kwamba kila kizuizi kina bei yake anajifunza jambo jingine kabisa, na hilo halitafaa nyumba yake wala umma wake.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wazazi: kabla ya kumkataza au kumruhusu mtoto, kaeni naye, mtazame akishindwa anaambiwa nini. Akiambiwa ajaribu tena, huo ni mchezo. Akiambiwa alipe, hilo ni duka lililovaa nguo za mchezo.

Na kwa viongozi waliokabidhiwa dhamana ya mawasiliano, elimu na haki za wanunuzi, tunapenda kuwakumbusha kwamba mtoto naye ni mnunuzi, tena asiye na kinga. Si jambo kubwa kutaka kila mchezo unaouza kitu ndani yake utangaze hivyo mlangoni, kwa lugha inayofahamika, na kwamba malipo yasipite bila ya idhini ya mzazi. Mwuza samaki sokoni hutaja bei kabla ya kufunga kifurushi. Hapana sababu ya anayewauzia watoto wetu kusamehewa sharti hilo.

Vijana wetu hawaogopi kazi ngumu. Wanachostahili ni ugumu ambao anayeshindwa leo, akijitahidi, kesho ataushinda.