Asisahaulike anayepanga wageni

Wanaosifu muziki wa harusi za Uskoti humsifu sana mpiga zumari la mfuko, wakamsahau anayeibeba shughuli. Kwenye harusi hizo, bendi ya keili, yaani dansi ya pamoja ya Kiskoti, huwa na watu wachache tu: fidla, kodiani na ngoma (mpenzi wa taarab asingevishangaa viwili vya kwanza), pamoja na mtangaza hatua. Huyo ndiye wa kuulizia kabla ya bei. Kwa ngoma ya Dashing White Sergeant huwapanga wageni watatu watatu, wakitazamana na watatu wengine, akawapitisha hatua kwa hatua bila muziki. Mjomba anatoa mkono usio wake, watu wanacheka, ndipo fidla inaachiwa. Asipokuwepo, wageni wengi hung'ang'ania viti.

Zumari lenyewe lina noti tisa na halipunguzwi sauti. Katika ukumbi mdogo ni adhabu. Afadhali lipigwe nje, wageni wakiwasili.

Na mwenye shughuli karibu na Januari 25, usiku wa kumkumbuka mshairi Robert Burns, au mkesha wa mwaka mpya, awahi kulipa kishanzu. Siku hizo wapigaji hugombewa.