Arobaini Ikitimia, Mzazi Naye Apimwe

Mzazi akitoka arobaini huku kwetu pwani, watu humtazama mashavu. Yakiwa yamejaa, wageni husema, "Mashallah, umenawiri!" na mamake hufurahi, maana sifa hizo ni zake yeye aliyemlea. Akitoka mwembamba, maneno huanza: mume hakuleta nyama, mkwe ni bahili. Basi mwanamke hulishwa siku zote arobaini, uji wa pilipili manga, supu ya kuku, wali wa nazi, na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Bara nako Wakikuyu humpikia mzazi njahi.

Sina ugomvi na desturi hiyo. Mwanamke aliyepoteza damu na anayenyonyesha lazima ale na apumzike, na wako wengi mno ambao hata huyo kuku mmoja hawamwoni. Ugomvi wangu ni kwamba tunauhesabu unene wowote kuwa afya, wala hatumwulizi mama huyo kama alipokuwa mja mzito aliambiwa ana sukari.

Juma lililopita nilikwenda kumwona binti wa dada yangu aliyetimiza arobaini. Alipokuwa na mimba ya miezi saba aliambiwa sukari yake imepanda. Baada ya kujifungua ikashuka, na nyumba nzima ikashukuru na kusahau. Bibi mmoja wa ukoo aliniambia, "Sukari ile ilikuwa ya mtoto, mwanangu. Imetoka naye."

Bibi yule hakukosea kabisa. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoizuia insulini isifanye kazi yake vyema, na kondo likitoka, sukari kwa kawaida hushuka. Lakini kongosho lililolemewa na mzigo wa mimba limekwisha onyesha udhaifu wake. Mwaka 2009 jarida la madaktari la The Lancet lilichapisha hesabu iliyokusanywa kutoka katika uchunguzi mwingi: wanawake waliopata sukari ya mimba walikuwa na hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara saba na zaidi kuliko wenzao.

Na hapo ndipo unene unapoingia. Mafuta ya mapaja na makalio ni akiba ya maziwa, hayana ubaya mkubwa. Yale yanayojificha ndani ya tumbo na kwenye ini ndiyo yanayoidhoofisha insulini. Mkaja anaofungwa mzazi (kitambaa chenye heshima hata kikatajwa katika mahari) hulibana tumbo na kumtuliza mgongo, lakini hauyeyushi mafuta ya ndani. Madaktari wengi huanza kuwa na wasiwasi kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80. Tena zamani mzazi akitoka ndani alirudi kisimani, kwenye kinu na shambani. Leo wengi hurudi kwenye kiti cha ofisi au cha duka, na soda iko karibu.

Jambo linaloniudhi zaidi ni hili. Arobaini na wiki sita ni karibu kitu kimoja, na mtoto wa wiki sita hupelekwa kliniki kuchanjwa. Mama humbeba, huketi benchini nusu ya siku, mtoto hupimwa uzito, kadi huandikwa, wakarudi nyumbani. Mara nyingi mama mwenyewe haulizwi neno juu ya sukari yake. Na wataalamu wanashauri kwamba aliyepata sukari ya mimba apimwe tena kati ya wiki ya 4 na ya 12, kwa kunyweshwa glukosi gramu 75 na kutolewa damu baada ya saa mbili, kisha apimwe kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu maisha yake yote. Kwa nini kadi ile ile isiandikwe na sukari ya mama?

Nasi wa nyumbani tusingoje serikali. Uji uendelee, sukari ipunguzwe. Mama anyonyeshe, maana kunyonyesha kwenyewe hupunguza hatari hiyo, na jioni aachwe atembee bila kuambiwa atapigwa na upepo.

Binti wa dada yangu nitampeleka mwenyewe Jumatatu. Bibi yule amekwisha nuna, asema namtafutia mtoto wa watu maradhi.